Sharif Alivyotupatanisha Mimi na Mama Mkwe Ziwani

Mara ya kwanza mimi kuongea na mama mkwe wangu, tulikuwa katikati ya Ziwa Naivasha, hakuna kati yetu aliyejua kupiga kasia, na aliyekuwa akitupelekea maneno alikuwa kuku.

Kuku kabisa. Mwekundu, ana manyoya, yuko ndani ya kikapu.

Najua kuna watakaosema mzee Sifuna kichwa kimeanza kuchoka. Semeni tu. Nimeketi hapa na simu, naandika kwa kidole kimoja huku nikisoma kwa sauti, na mke wangu Nanjala yuko jikoni. Nikiongeza chumvi atanisikia.

Ilikuwa mwaka wa 1972, siku ya Jumapili.

Wakati huo nilikuwa fundi wa nguo pale Biashara Street. Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la Sharif, muuza vitambaa, mtu wa Lamu. Mimi nashona, yeye anauza, mchana tunakunywa chai pamoja. Hakuna rafiki nimewahi kuwa naye kama huyo.

Lakini Sharif alikuwa na ugonjwa mmoja. Alipenda kupatanisha watu.

Mke na mume, mwenye nyumba na mpangaji, makondakta wa basi, wote wamepitia mikononi mwake. Kuna siku madereva wawili waligongana mbele ya duka. Polisi alipofika akawakuta wamekaa kwenye benchi la Sharif wanakula halua, hakuna anayetaka kushtaki mwenzake. Polisi mwenyewe akapewa kipande.

Watu wawili wakinyamaza tu karibu na Sharif, yeye anaanza kupangusa jasho.

Sasa, mimi na Nanjala tulikuwa tunakaa Kilimani, kwenye kota nyuma ya nyumba ya Mhindi mmoja. Chumba kimoja, kitanda, jiko la mafuta, na pazia nililoshona mwenyewe. Tulikuwa tumekaa humo mwaka mzima.

Na hapa lazima niseme ukweli. Nanjala sikumwoa, tulichukuana. Tulipanda gari la moshi kutoka kwetu Bungoma tukaandika barua tukiwa tumeshafika Nairobi. Vijana ni vijana.

Barua yetu ilijibiwa baada ya mwaka. Baba yake Nanjala alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo aliyeandika ni mdogo wa marehemu, yule baba mdogo mwenye sauti nyumbani. Aliandika mistari mitatu.

"Mama yake anakuja kuona. Akiridhika, msichana atabaki. Asiporidhika, watarudi pamoja na gari la Jumatatu jioni."

Nilisoma hiyo barua nikashona mfuko wa suruali juu chini.

Wengine hamjui mila zetu, wacha niwaeleze haraka. Kwetu Wabukusu, enzi zile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamkai chumba kimoja, na jina lake hulitamki. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Ukipita ukaona mama mzima amejitupa kwenye mahindi na kikapu chake, ujue huyo amekuamkia vizuri sana.

Haya yote yanakwisha siku wazee wakikaa, mkwe akampa mama blanketi mbele ya watu. Mimi hata uzi wa blanketi nilikuwa sijatoa.

Na mkwe akivunja huo mwiko, hakuna kesi inasikizwa. Msichana anafunga mizigo.

Basi mama, Mama Philister, akafika siku ya Alhamisi. Alilala Kawangware kwa Naliaka, binti wa jirani yao kijijini. Asubuhi nikienda kazini yeye anakuja Kilimani kukagua chumba. Jioni kabla sijarudi anaondoka. Mambo yakaenda vizuri namna hiyo, siku moja.

Ijumaa Sharif alinipa lifti kwenye gari lake la Pijo. Tukafika mapema.

Nashuka tu kwenye gari, mama huyo anatoka getini.

Jamani, sikufikiri hata kidogo. Niliruka nikaingia ndani ya ua wa michongoma. Mama naye akajitupia leso kichwani, akageukia ukuta, akasimama hapo kama anausomea kitu. Nanjala akamshika mkono akampitisha. Mimi nikabaki kwenye miiba, nimeng'ang'ania tawi.

Sharif alikuwa ameona yote.

"Sifuna, yule ni nani?"

"Ni mama mkwe."

"Mama mkwe! Nawe umeingia kwenye miba?"

"Ni heshima, Sharif."

Aliniangalia kwa huruma nyingi. "Yakhe, mimi si mtoto. Mama mkwe wangu Bi Mwanasha nakaa naye nyumba moja, na kila asubuhi nambusu mkono kabla sijanywa chai. Hiyo ndiyo heshima. Hii yako ni vita."

"Sharif, kwetu sisi..."

"Usinifiche, ndugu yangu. Mmekosana nini?"

"Hatujakosana!"

"Basi ni jambo kubwa," akasema, akipangusa jasho. "Mtu akikataa kulisema, ni kubwa."

Nilimweleza mara tatu huku akinitoa miiba mgongoni. Kila nikieleza anaitikia, "Naam, naam," na najua haamini hata neno moja.

Jumamosi akaenda kwa Nanjala bila kuniambia. Akasema kesho anamtoa mama matembezi, akaone maji ya bara kabla hajarudi kwao. Kikuyu, Limuru, mpaka Naivasha, na chakula juu yake. Mama Philister alikuwa amesikia habari za ziwa lenye viboko tangu usichana wake, akakubali hapo hapo.

"Na wewe unaenda," Nanjala akaniambia.

"Mimi? Kwa gari moja na mama yako?"

"Mayi anataka kuona marafiki zako ni watu wa aina gani. Wewe uko na rafiki mmoja tu. Ukimkosea huyo, atasema huna hata mmoja."

Jamaa zangu, hebu niambieni mngejibu nini hapo.

Pijo la Sharif lilikuwa lile refu, la mlango wa nyuma. Mama alikaa mbele kando ya dereva, Nanjala katikati, mimi nikawekwa nyuma kabisa kwenye mizigo, mgongo kwa watu, uso kwenye kioo. Kando yangu kulikuwa na sinia la pilau ya Salme, mke wa Sharif. Nilisafiri kutoka Kilimani nikiona barabara inarudi Nairobi bila mimi.

Mama alipakata kikapu chenye kuku. Alikuwa ni zawadi ya kumpa Sharif, ila kwetu mgeni hatoi zawadi mpaka wakati wa kuagana, kwa hiyo hakumwacha kuku hata dakika moja.

Kituo cha kwanza kilikuwa kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu. Kama hujafika, nenda. Unakanyaga nyasi, na nyasi zote mbele yako zinatikisika, maana chini ni maji matupu. Mama alifurahi sana. Alikanyaga, akacheka, akakanyaga tena. Mimi nilimsikia tu, nilikuwa nimegeukia barabara.

Sharif akatoa kamera.

"Haya, nyote hapa! Mama katikati, Sifuna kulia, mshike mama bega!"

Ati nimshike bega.

Picha hiyo ninayo mpaka leo. Upande wa kushoto kuna mwavuli umefunguka mzima. Upande wa kulia kuna matete, na kiatu kimoja kimetokeza. Katikati Nanjala amesimama peke yake, ameziba mdomo kwa mkono.

Sharif hakukata tamaa. Tulipofika Limuru, kwenye lile bwawa la Manguo lililo kando ya barabara, alitandika mkeka, akaweka sinia katikati, akafunua. Harufu ya pilau ikapanda mpaka nikasahau shida zangu.

"Njooni," akasema kwa sauti tamu. "Watu wakitia mikono kwenye sinia moja, moyoni hakubaki kitu."

Mama aliona nakuja, akainuka kwa heshima kwenda kutazama bata upande wa pili wa bwawa. Mimi niliona mama ameinuka, nikainuka kwa heshima kwenda kutazama bata upande ule mwingine.

Sharif akabeba sinia akamfuata mama. Mama kumwona Sharif anakuja, na mimi niko mbele yake, akageuka. Sharif akageuka anifuate mimi. Mimi nikageuka. Tulizunguka lile bwawa mara mbili nzima, mama mbele, Sharif na sinia kichwani katikati, mimi nyuma, halafu tukageuza tukarudi vile vile. Watoto wa shule ya Jumapili waliacha kuimba wakaja kutazama.

Aliyekula pilau ni Nanjala, na mimi nilipata kula pale Sharif alipokaa chini kuhema.

Hapo ndipo nilipostahili kuogopa, kwa sababu kuanzia Limuru Sharif alinyamaza. Tuliteremka ile barabara ya bondeni, mawingu chini yetu, kila mtu anasema aah, na yeye anaendesha tu huku anatabasamu.

Naivasha tulikuta boti kando ya maji, sehemu ya Mkamba mmoja aliyeitwa Kaloki. Boti za mbao, za kukodisha. Moja ilikuwa na turubai nyuma, imewekwa kama kibanda ili wageni wasiungue na jua. Niliona Sharif akinong'ona na Kaloki kwa muda mrefu. Kaloki alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Mimi nilitumwa dukani kununua soda.

Niliporudi sikuona mama, sikuona Nanjala.

"Mama amechoka, amepumzika kivulini," Sharif akasema. "Nanjala yuko msalani. Njoo sisi wanaume tuzunguke kidogo, tuzungumze."

Wallahi hakusema uongo. Kivuli alichosema kilikuwa cha turubai.

Nikaingia botini nikakaa ubao wa mbele. Sharif akafungua kamba. Badala ya kupanda, akaweka mguu wake wenye makubadhi kwenye boti, akasukuma kwa nguvu zote.

Boti ikateleza ikaenda.

"Sharif! Unabaki!"

"Najua!"

Halafu nyuma yangu, ndani ya turubai, nikasikia, "Ko. Ko-ko-ko."

Ile sauti niliijua. Nilikuwa nimesafiri nayo kutoka Kilimani.

"Hamrudi mpaka mpatane!" Sharif akapaza sauti kutoka nchi kavu, mikono kiunoni, amefurahi. "Makasia yako hapo chini! Semezaneni!"

Nanjala alitokea mbio kutoka msalani, akaona, akaweka mikono kichwani. Alipiga yowe hilo mpaka ndege wote wakaruka.

Nikafumba macho. Nilikaa hivyo kwa muda, nikitumaini upepo utaturudisha. Upepo ukatupeleka mbele.

Fikirini shida yangu. Boti hizi zina ujinga wake, mpiga kasia hukaa akiangalia nyuma. Na nyuma alikuwa mama wa mke wangu, ubao mmoja tu kutoka kwangu, hakuna kichaka, hakuna mahindi. Nikigeuka tu, nimemwona, na Nanjala kesho yuko garini.

Nikaamua kupiga kasia nikitazama mbele, kinyume. Nilishika yote mawili nikasukuma. Boti ikazunguka. Nikasukuma tena. Ikazunguka upande ule ule.

Nyuma yangu turubai likasogea kidogo. Kisha nikasikia sauti ya mama, ya utulivu kabisa, kwa lugha yetu.

"Wewe kuku."

Kuku akanyamaza.

"Mwambie mtu aliye huko mbele kwamba tunazunguka."

Nilikohoa. Kumbe kuna njia! Kuongea na mama mkwe ni mwiko, lakini kuku hana mwiko na mtu.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama nimeona."

"Kuku, mwambie hii ni mara ya nne."

"Kuku, mwambie mama anisamehe, mimi ni fundi wa nguo."

"Kuku, mwambie hilo nimelijua nilipoona pazia. Pazia ni zuri."

Moyo wangu ulipanda kidogo. Lakini mama hakuwa amekuja Nairobi kusifu mapazia. Alisafisha koo, na maswali yakaanza.

"Kuku, muulize huyo mtu asubuhi akienda kazini anapita njia gani."

"Kuku, mwambie ni Ngong Road, kisha Valley Road."

"Na jioni?"

"Hiyo hiyo."

"Kuku, muulize Jumamosi huwa yuko wapi."

Nikajua nimenaswa. Mtu amemwambia. "Kuku, mwambie mama mimi si mlevi. Huwa nakunywa chupa mbili za bia siku ya Jumamosi, pale Kawangware. Wakati mwingine tatu."

"Kuku, mwambie sikuuliza hayo. Nimeuliza yuko wapi."

"Yuko Kawangware, kuku. Kuanzia saa tisa."

"Mpaka?"

"Mpaka saa kumi na mbili."

Akaguna, kama mtu anayeweka jambo kichwani. Nikajiambia, Sifuna, umeiva. Umejishtaki mwenyewe mbele ya kuku.

"Kuku, muulize kama anampiga mtoto wangu."

"Hapana! Kuku, mwambie mama ni Nanjala aliyenipiga. Mara moja, kwa mwiko wa ugali. Nilikuwa nimekosea."

Boti ikaanza kutikisika. Nikadhani ni kiboko. Nikashika ubao, nikaanza kuomba. Kumbe mama alikuwa anacheka, amejikunja huko ndani ya turubai, anacheka bila kutoa sauti kwa sababu ya heshima.

Sijui ni kile kicheko au ni nini. Maneno yalinitoka tu.

"Kuku, mwambie mama asimchukue. Mwambie najua nilikosea kumtoa bila wazee kukaa. Nitakuja nyumbani nikae chini mbele yao waseme watakavyo. Lakini nikirudi jioni nikute kile chumba hakina Nanjala, mimi nitaketi kitandani na sitajua nifanye nini na mikono yangu. Nampenda sana. Mwambie hivyo, kuku."



Halafu maji yakapumua.

Pfuuu! Si mbali, hatua kama thelathini. Yalitokea masikio mawili madogo, na macho, na nyuma yake mgongo ambao haukuwa unakwisha.

"Kuku," mama akasema, na safari hii sauti ilikuwa ya kamanda, "mwambie huyo mtu apitishe kasia moja nyuma bila kugeuka. Sasa hivi."

Nikapitisha kasia juu ya bega. Mkono ukalipokea upande wa pili. Nikasikia mama anatoka kwenye turubai, anakaa ubao wa katikati akiangalia nyuma alikotoka. Kikapu cha kuku akakiweka kati yetu, ili migongo isigusane.

"Kuku, mwambie yeye apige upande wa mafunjo, mimi napiga upande huu. Nikisema moja, wote."

"Kuku, mwambie sawa, mama."

"Moja!"

Jamani, ile boti ilinyooka! Mimi natazama mbele, mama anatazama nyuma, kuku katikati, kila mtu na kasia lake, tunakwenda. Kiboko alitutazama mpaka tukapita. Nadhani hajawahi kuona kitu namna ile, akaamua kutojihusisha. Ng'ambo kulikuwa na Wazungu kwenye klabu yao, wakasimama na glasi zao. Mmoja alipiga makofi.

Tulipogusa mchanga, kuku alikuwa ametaga yai.

"Amechoka kutumwa," mama akasema, bila kumwambia mtu yeyote.

Mimi niliruka upande wangu, nikatembea moja kwa moja mpaka nyuma ya mti. Mama akashuka upande wake, leso usoni. Sharif alikuwa anafuta machozi ya furaha.

"Mmepatana! Nimewaona kwa macho yangu, mnapiga kasia pamoja!"

"Wewe Sharif!" Nanjala akamrukia. "Nani alikwambia wamekosana? Kwetu mkwe hamwangalii mama mkwe! Ni heshima! Sifuna hakukwambia?"

"Aliniambia," Sharif akasema polepole.

"Sasa?"

"Nilidhani ananificha."

Rangi ilimtoka usoni. Alirudia mambo yote kimoyomoyo, kamera, sinia, boti, na kila kitu kilionekana kinampita machoni. "Subhanallah," akasema. "Nimemvunjia mama heshima mara tatu, na petroli ni yangu."

Akataka kuomba radhi. Na mtu wa Lamu anaombaje radhi kwa mama wa watu? Aliinama, akanyoosha mkono ili aubusu mkono wa mama.

Tatizo ni kwamba rafiki mkubwa wa mkwe, hata kama gari lake unapanda, ikifika kushikana mikono, kwa hesabu zetu naye ni mkwe.

Mama Philister aliona mkwe wa pili anakuja, akashika kikapu, akapanda ile njia mbio mpaka kwenye gari. Nanjala anasema hajawahi kumwona mama yake akikimbia vile, hata siku shule ya kijijini iliposhika moto.

Tukarudi Nairobi. Sharif aliendesha shingo imenyooka, haangalii kushoto, kuku amelala.

Usiku ule Nanjala hakunitazama.

"Mayi amesema kesho nimpeleke stesheni," akasema. "Na niende na lile sanduku langu la bati."

Nilikaa kitandani. Niliangalia mikono yangu.

"Amesema kwa nini?"

"Hajasema. Wewe unajua Mayi."

Jumatatu sikushona kitu. Sharif alikuja barazani mara kumi, kila mara anataka kusema jambo, anarudi ndani. Saa kumi nilifunika cherehani nikashuka stesheni kwa miguu. Sikuruhusiwa kusogea, mama alikuwepo. Nikasimama nyuma ya nguzo nene, nikachungulia kwa jicho moja.

Nilimwona Nanjala. Alikuwa amevaa gauni la kijani nililomshonea. Alikuwa na mama, na sanduku liko katikati yao. Mchukuzi akalibeba akaliingiza behewani. Wao wakapanda nyuma yake.

Watu waliaga. Kipenga kikalia. Gari likavuta, likaenda, behewa baada ya behewa, na mimi nikalia nyuma ya ile nguzo bila aibu. Kama kuna aliyeniona siku hiyo, ndiyo, nilikuwa mimi.

Moshi ukaondoka.

Kule mwisho wa jukwaa kulikuwa na wanawake wawili wamesimama. Mmoja ana gauni la kijani. Mwingine amebeba mwavuli.

Nilisahau kila kitu. Nilitoka nyuma ya nguzo nikakimbia, nikiita, "Nanjala! Nanjala!"

Wote wawili wakageuka.

Sekunde moja tu. Hiyo ndiyo siku niliyouona uso wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza, na alikuwa anatabasamu. Kisha yeye akageukia ukuta, na mimi nikajitupa nyuma ya toroli la barua.

Nanjala alinikuta huko chini, goti limechubuka.

"Sanduku limeenda peke yake," akaniambia, anacheka na kulia. "Mayi alipanda tu kumkabidhi mtu wa kwetu. Ndani ni koti na viatu na vitu vyote ambavyo baba mdogo alimpa ili akubali kurithiwa, awe mke wake. Amemrudishia. Na barua juu."

"Barua inasema nini?"

"Mimi nimebaki. Na yeye amebaki."

"Amebaki wapi?"

"Kawangware. Amepata chumba. Amesema ziara ilikuwa ni ya kukagua mtaa, si wewe. Wewe alimaliza kukukagua pale kwenye michongoma. Kilichomsumbua ni mahali pa kupita, asije akakutana nawe kila siku akakuvunjia heshima. Sasa anajua njia zako zote."

Nikaketi hapo kwenye sakafu ya stesheni nikacheka mpaka msimamizi akaja.

Mama Philister alikaa Nairobi miaka kumi na moja. Aliuza maharagwe na mboga, akafanya marafiki wengi kunishinda. Jumamosi kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili hakutoka nyumbani kwake, hata siku moja, ili mimi nikanywe chupa zangu kwa amani. Hata hivyo bahati mbaya hazikosi, na hakuna mtaro kati ya Kawangware na Kenyatta Market ambao sijawahi kuuruka. Blanketi nilimpa mwaka wa 1983, mbele ya wazee. Kufikia hapo nilikuwa nimeshamzoea kwa mgongo.

Sharif alijifunza. Tangu siku hiyo, kabla ya kuwapatanisha watu, alikuwa anawauliza kwanza kama wamegombana.

Na ninyi mnaosoma, chukueni hili. Usiharakishe kusema fulani na fulani hawapendani kwa vile hawakai pamoja, hawapigi picha, hawashikani mikono. Waulize, na wakikujibu, waamini. Yule mama alinificha uso wake miaka kumi na moja, na katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunijali hivyo.

Nanjala anasema nimalize, chai inapoa.